Kuku Aliyefungwa kwa Isale

Machi 8, Jumamosi

Masika yameanza leo asubuhi bila hata hodi. Nilikuwa nimeanika pumba za kuku kwenye turubai, nikakimbia kuziokoa, nusu zikaondoka na maji kuelekea kwa jirani, Mama Tito. Sikuzifuata.

Naandika kwa sababu hapa nyumbani tumebaki mimi na wanyama, na wanyama hawajibu. Mume wangu Vedastus alinileta huku kwao mlimani Kilema alipostaafu kiwandani, kule chini kwenye miwa, tulikolelea watoto. Hatukukaa sana, mwaka juzi akafariki. Aliniachia nyumba, kihamba cha migomba na mibuni, na Tausi. Tausi ni ng'ombe wa uzao wa ng'ombe wa mama yake, na alipokuwa anaumwa Vedastus alikuwa akimuulizia Tausi kabla ya kuulizia dawa. Sasa Tausi ana mimba yake ya kwanza. Bwana mifugo anasema atazaa mwanzoni mwa mwezi wa tano, mvua zikiwa zimeshamiri.

Jana Evaline, binti yangu, alipiga simu kutoka Dar. "Mama, huko unamsubiri nani? Njoo ukae na sisi." Nikamwambia aniachie masika haya tu. Tausi akizaa salama, nitabaki mlimani. Mambo yakiharibika, nafunga mlango na kushuka, na hakuna atakayenisikia nikilalamika. Akasema, "Sawa, ila usije ukageuza maneno." Sigeuzi.

Machi 11, Jumanne

Mvua. Jogoo amewika kutwa nzima kwa hasira tu.

Machi 14, Ijumaa

Nimepishana na Mama Tito kwenye njia ya mferejini. Yeye alitazama migomba ya kulia, mimi nikatazama ya kushoto.

Jina lake ni Ndelilio, mke wa marehemu kaka yake Vedastus, mjane kama mimi. Kihamba chake na changu vimetengwa na mstari wa masale tu, ile mimea ya majani marefu ambayo Wachagga huipanda mpakani. Ugomvi wetu ulianza na kuku. Mimi ni mtu wa Singida, na kwetu kuku hufunguliwa asubuhi, hurudi jioni, na hakuna anayemuuliza alikuwa wapi. Mwaka jana kuku wangu walipita katikati ya masale wakaenda kufukua maharage aliyokuwa amepanda chini ya migomba. Asubuhi moja tu, shamba lote. Mama Tito alisimama mpakani akapiga kelele hadi wa kilima cha pili wakasikia: "Huku si Singida!" Nami nikamjibu kwa maneno ambayo sitayaandika hapa, maana ni Kwaresima.

Toka siku ile kuku wangu wanakaa ndani ya wavu kama mahabusu. Wa kwake wanatembea. Ila kinachoniuma zaidi ni shikamoo. Yule ni mkubwa kwangu, na kumpita mkubwa bila kumwamkia si malezi niliyopewa. Lakini kama huku si kwetu, basi hata shikamoo yangu haihitajiki huku.

Machi 17, Jumatatu

Tetea wangu mwekundu ameanza kuatamia. Nimempa mayai ya kutosha na onyo moja.

Machi 20, Alhamisi

Leo nimeanguka. Nilikwenda kukata majani ya Tausi kando ya mfereji, nikajitwisha mzigo, ukingo ukateleza nikaenda nao. Kifundo cha mguu kimelia ndani kwa ndani. Nimetambaa hadi nyumbani nikiuvuta ule mzigo wa majani nyuma yangu, maana mguu ni wangu lakini tumbo ni la Tausi.

Machi 21, Ijumaa

Mguu umevimba. Basili, katekista wetu, alipita baada ya Njia ya Msalaba akanitengenezea fimbo ya mpera. Ni mzee, hawezi kubeba majani, naye aliona aibu kusema hivyo. Nikamwambia fimbo inatosha. Haitoshi.

Machi 26, Jumatano

Namlisha Tausi migomba iliyo karibu na mlango. Nachechemea, naangusha mgomba, naukatakata, nampelekea kwenye beseni. Lakini mgomba una maji mengi kuliko chakula, na ng'ombe mwenye mimba anahitaji majani. Mbavu zimeanza kuonekana. Leo alinitazama muda mrefu. Nikamwambia, "Usinitazame hivyo, na mimi nimekula ndizi."

Machi 30, Jumapili

Sikwenda kanisani. Mkaka mmoja wa jumuiya alinisaidia mzigo mdogo wa majani. Nikauweka horini, na nilipogeuka kuchukua maji nikasikia Tausi anakoroma. Kumbe juu ya majani yale amekaa kuku! Kishingo mweupe, yule asiye na manyoya shingoni, wa kwa Mama Tito. Katengeneza kiota, na kila Tausi akileta pua, kishingo anamdonoa. Ng'ombe mzima na pembe zake amerudi nyuma! Nikamtimua yule kuku kwa fimbo. Ameacha yai.

Aprili 1, Jumanne

Kishingo amerudi.

Aprili 2, Jumatano

Amerudi tena. Majani machache ninayopata ameyalalia yeye, na Tausi amelala njaa. Jamani, nimelia. Si kwa sababu ya kuku. Nimelia kwa sababu nilikuwa nahesabu kichwani vitu vya kupeleka Dar, sufuria gani na picha gani, na nilipofika kwenye Tausi nikakosa pa kumweka.

Aprili 4, Ijumaa

Leo nimemaliza kazi. Nimemkamata kishingo horini huku mvua inanyesha kwa hasira kama zangu. Nilitaka kumfunga miguu kwa kamba ya mgomba, ikakatika mkononi, imeoza kwa maji. Nikachechemea hadi mpakani, nikachomoa jani la isale, nikamfunga nalo. Jani gumu zuri, halikatiki.

Basili akapita na mwavuli wake kwenda Njia ya Msalaba. Nikamwita. "Mpelekee Mama Tito kuku wake. Mwambie hori la ng'ombe wangu si mahali pa kutagia. Mwambie kama kuku wa Singida wanafungiwa, na wa Kilema wafungiwe!"

Basili alimtazama kuku, akatazama miguu ya kuku, akanitazama mimi.

"Umemfunga wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine yuko hapa?"

"Haya," akasema, akamweka kishingo ndani ya koti akaenda. Nikaona kama anatabasamu, lakini mvua ilikuwa nyingi.

Nimekunywa chai ya rangi yenye sukari ya kujipongeza. Usiku huu nitalala vizuri.

Aprili 5, Jumamosi

Sijui nianzie wapi.

Asubuhi nilisikia kishindo cha mzigo bandani kwa Tausi. Nikachukua fimbo, nikatoka nikiwa na maneno yangu tayari mdomoni. Nikamkuta Mama Tito. Amelowa kuanzia kilemba hadi miguuni, na horini ameshusha mzigo wa majani mabichi mkubwa kuliko yeye. Tausi alikuwa ameshaingiza kichwa chote.

Mama Tito akanigeukia. Macho yake yalikuwa mekundu.

"Mama Evaline, nimelipokea," akasema.

"Kuku?"

Akaingiza mkono ndani ya kanga akatoa lile jani la isale. Alikuwa amelifungua, akalifuta tope, akalikunja vizuri kama kitambaa cha altare.

"Isale halikataliwi," akasema. "Hata aliyekuulia ndugu akikuletea isale, unasamehe. Ndivyo tulivyokuta. Na wewe umenitumia, umelifunga kwa kuku, na kuku mwenyewe ni wangu. Nimelia usiku kucha."

Naapa mdomo wangu ulifunguka. Isale nalijua! Nililiona wakati wa posa yetu, wazee wamekaa, mbege imepita, anasimama mzee mmoja analitoa kwa maneno marefu. Nilidhani bila wazee na mbege ni jani tu. Hakuna aliyeniambia kwamba hata kwenye miguu ya kuku linafanya kazi.

Nilitaka kusema, "Mama Tito, nilikosa kamba." Maneno yalifika hapa kwenye meno. Lakini Tausi alikuwa anatafuna, na ile sauti ya kutafuna sikuwa nimeisikia kwa wiki mbili. Na mbele yangu mwanamke mzima amelowa, anasubiri.

Nikasema, "Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu," akasema, na sauti yake ikakatika katikati.

Nimedanganya bila kusema uongo, na sijawahi kujisikia vizuri hivi. Naogopa.

Aprili 8, Jumanne

Majani amekuja nayo tena. Na mtori. Amepika sufuria ya watu kumi, anasema mikono yake haijui kupikia mtu mmoja.

Aprili 10, Alhamisi

Nilikuwa nasema Mama Tito ana sauti ya kugombana. Kumbe sikio lake la kushoto halisikii, ndiyo maana anapaza. Tumekaa siku zote hizi jirani, nami sikujua. Leo nimehamia upande wa kulia, na sauti yake ikashuka.

Nikamwambia nitawachanja kuku wake dhidi ya mdondo, ule ugonjwa unaomaliza banda zima, tone moja jichoni kwa kila kuku, maana kwenye kuku sina mpinzani. Kishingo alinidonoa mara mbili.

Aprili 13, Jumapili ya Matawi

Nimejikongoja hadi kanisani, Mama Tito amenishika mkono mbele ya watu wote. Baada ya misa nikamvuta Basili pembeni. "Yale maneno niliyokupa, ulimwambia?"

Akatazama tawi lake. "Siku ile mvua ilikuwa kubwa, Mama Evaline. Mengine yalilowa."

Sasa nina wasiwasi zaidi kuliko kabla sijamuuliza.

Aprili 15, Jumanne

Tetea mwekundu alitotoa wiki iliyopita, nikasahau kuandika. Mayai mawili tu yameharibika. Mwewe ameshaanza kuzunguka, nimewaingiza vifaranga jikoni.

Aprili 20, Pasaka

Kristo amefufuka na Tausi amenenepa. Nimejaribu kumwambia Mama Tito ukweli tulipokuwa tunakula, nikaishia kumwongezea nyama.

Aprili 27, Jumapili

Kiwele cha Tausi kimeanza kujaa. Evaline amepiga simu, anauliza anitafutie basi la lini. Nikamwambia asubiri. Amesikia kitu kwenye sauti yangu, akauliza kama naumwa. Siumwi. Naogopa kupoteza ng'ombe, na sasa naogopa kupoteza na jirani. Mwezi uliopita nilikuwa na hofu moja tu.

Mei 2, Ijumaa

Nitaandika yote.

Tausi alianza baada ya saa sita mchana. Alilala, akainuka, akazunguka kamba yake, akalala tena. Maji yakatoka. Nikasubiri kama bwana mifugo alivyonielekeza. Ikaonekana kwato moja, kisha pua. Kwato ya pili haikuonekana. Tausi anasukuma, anakoroma, na hakuna kinachosogea.

Nikapiga simu kwa bwana mifugo. "Mama, maji yamepita juu ya daraja, niko upande wa pili. Nitafika kesho." Kesho! Nikaenda mpakani nikaita kwa sauti ambayo hata sikio la kushoto lingesikia: "Dada! Dada njoo!"

Alikuja mbio bila viatu, akapita katikati ya masale pale pale walipopitaga kuku wangu. Akainama, akatazama. "Mguu wa pili umekunjika kwa ndani," akasema. "Asukume mpaka kesho, ndama hatoki hivi. Lazima mtu aingize mkono aufuate."

"Basi fanya, dada!"

Akaninyooshea mikono yake. Vidole vimepinda kwa baridi yabisi, nilikuwa nimeviona siku zote na sikuwa nimeviona. "Hii haiwezi kukunjua kitu. Ni wewe."

Mimi! Mimi wa kuku. Nikamwambia siwezi, nitamuua. Akanimwagia maji, akanipaka sabuni hadi kwenye bega, akamimina na mafuta ya kupikia juu yake. "Utamuua ukisimama hapo," akasema. "Piga magoti."

Nikapiga magoti kwenye mbolea. Mama Tito akakaa kichwani kwa Tausi, akamkumbatia shingo, akawa ananisemesha taratibu. Sukuma ndama arudi nyuma kidogo. Si sasa, anasukuma, subiri. Sasa. Fuata shingo, shuka begani, umepata goti? Nikasema nimepata kitu, sijui ni nini. Ni goti, akasema. Shuka. Ukiipata kwato, ifunike kwa kiganja chako isimchane mama yake, halafu ilete.

Tausi alipobana, nilidhani mkono unavunjika. Nilimwita Vedastus, nikamwita Bikira Maria, na nikamwita Mama Tito, wote kwa pamoja. Mvua ilikuwa inapiga bati, hatusikilizani vizuri, naye anarudia tu, "Uko vizuri, mdogo wangu, uko vizuri." Halafu kwato ikaingia kiganjani. Ndogo, laini. Nikaifunika nikavuta, ikaja mbele kama mtu anayenyoosha mguu kitandani.

"Zimetoka mbili!" nikapiga kelele. "Dada, mbili!"

Tukavuta wote wawili, Tausi akisukuma tunavuta, akipumzika tunapumzika. Ndama akatoka kwa mara moja akatuangukia mapajani. Hakupumua. Mama Tito akamfuta pua kwa upindo wa kanga yake, mimi nikamsugua kwa majani makavu ya mgomba, nikachukua ncha ya jani nikamtekenya puani. Hakuna kitu. Nikaanza kuona Dar, na sufuria zangu kwenye buti la basi. Nikamtekenya tena.

Akapiga chafya.

Jamani, chafya! Sijawahi kusikia kitu kitamu kama kile. Tulikaa kwenye mbolea tukashikana tukalia kama watoto, na Tausi akageuka akaanza kumlamba ndama, na sisi mikono ilipokaribia akatulamba pia. Ni jike. Kabla giza halijaingia amesimama, ameanguka, amesimama, amepata chuchu. Dang'a, yale maziwa ya kwanza, ilikuwa ya njano kabisa. Kondo la nyuma limetoka lote.

Namshukuru Mungu. Namshukuru Mungu. Hata sijui niandike nini kingine.

Mei 3, Jumamosi

Bwana mifugo amefika, amewapima wote wawili, akasema hana la kuongeza. Nimelala mchana kutwa.

Mei 4, Jumapili

Nimemwambia. Nilishindwa kuvumilia tena. Mtu ambaye amekaa na wewe kwenye mbolea huwezi kuendelea kumficha.

Tulikuwa bandani tunamtazama ndama ananyonya. Nikakaa upande wake wa kulia, nikasema haraka haraka nisije nikarudi nyuma. Kwamba yule kuku sikumtuma kuomba msamaha, nilimtuma kwa hasira. Kwamba kamba ilikatika, nikachuma jani lililokuwa karibu. Kwamba nilimpa Basili maneno mabaya. "Kwa hiyo kama unataka isale lako libatilike, dada, ni haki yako."

Mama Tito akainamisha kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Nikadhani analia, nikaanza na mimi. Kumbe anacheka! Alicheka mpaka akashika nguzo.

"Mae! Unadhani Basili anaweza kukaa na maneno? Alinipa yote, hakuacha hata moja. Hata ile ya kuku wa Kilema wafungiwe, aliisema kwa sauti yako."

"Sasa... ulijua?"

"Nilijua kabla hajamaliza."

"Na ulisema umelia usiku kucha."

"Nililia kweli." Akaacha kucheka, akafuta macho. "Nilikuwa nakuona kupitia masale, unachechemea na ile migomba yako, na ng'ombe anakonda. Kila asubuhi nasema leo nitavuka, na miguu inakataa. Nilikufukuza mbele ya watu, ningevuka na uso gani? Halafu analetwa kuku, na maneno yake makali, na amefungwa kwa isale. Nikajiambia, huyu mama hajui alilolifanya. Lakini jani limeshafika mlangoni kwangu, na isale halikataliwi. Nikachukua panga nikaenda kukata majani."

Nilimshika vile vidole vyake vilivyopinda. Mwaka mzima nilidhani nyuma ya masale kuna mtu anayenichukia.

"Na ndama nimeshampa jina," akasema akiinuka. "Anaitwa Singida."

Nikanuna kidogo, kwa heshima tu. Halafu nikacheka na mimi.

Mei 12, Jumatatu

Mvua, lakini nyepesi. Singida anakimbia mduara bandani bila sababu yoyote.

Mei 19, Jumatatu

Kishingo ameatamia horini. Tumemwekea Tausi hori lingine.

Mei 25, Jumapili

Leo mlima umeonekana wote, kuanzia migomba hadi theluji, mara ya kwanza tangu Machi. Nimeanika pumba na hazikulowa.

Evaline akapiga simu saa nne. Nikatoka nje ili nisikie vizuri, nikasimama kwenye jua.

"Haya Mama, masika yameisha. Tulikubaliana nini?"

"Tausi amezaa salama."

"Najua amezaa, umenitumia picha ishirini. Nauliza wewe. Hutakuwa mpweke huko?"

Kabla sijajibu, upande wa pili wa masale ikalipuka sauti ambayo kilima cha pili lazima wameisikia: "Singida! We Singida! Toka kwenye maharage yangu!"

Nikageuka. Kule kati ya migomba yake, ndama naye ameinua kichwa, jani la maharage linaning'inia mdomoni.

"Mama, nani huyo anapiga kelele hivyo? Mmeanza tena kugombana?"

"Hapana, mwanangu," nikamwambia. "Nitakupigia baadaye. Naitwa."